Waliokimbia Theluji: Ndege wa Ulaya katika Malisho ya Masisi na Misitu ya Walikale

Milima ya Masisi, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imezoea kuitwa Uswisi ya Afrika, na sifa hiyo haikuzuka bure: vilima vyake huwa na majani mabichi karibu mwaka mzima, ng'ombe wa maziwa hulisha kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuitazama, na jibini la mviringo linalotengenezwa huko huteremshwa hadi Sake na Goma na kuliwa mpaka Kinshasa. Kinachokosekana ili mfano huo ukamilike ni theluji. Masisi ipo chini ya nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na ingawa sehemu zake za juu huzidi meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, urefu huo hautoshi kugandisha mvua, kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila meta 1,000 za kupanda, na katika ukanda wa ikweta mtu hafiki penye kuganda kwa maji mpaka awe amepita meta 4,500.

Anayetaka kuiona theluji ndani ya mkoa huohuo hana budi kwenda kaskazini hadi wilaya ya Beni, ambako safu ya Ruwenzori, yenye kilele cha Margherita cha meta 5,109, bado ina mabaki ya barafu ya kudumu, ambayo yamekuwa yakisinyaa tangu msafara wa Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi kutoka Italia, ulipofika kileleni mwaka 1906. Karibu zaidi upo mlima Karisimbi, wenye urefu wa meta 4,507 kwenye mpaka wa Rwanda, ambao mara chache huamkia mweupe juu na kurudia weusi wake kabla ya adhuhuri. Kwa wachungaji wa Masisi weupe huo ni wa kutazamwa kwa mbali, mawingu yakiruhusu, wala haumhusu ng'ombe wala shamba.

Weupe unaowahusu ni wa mvua ya mawe. Mvua hiyo hutokea pale ambapo hewa yenye unyevu, baada ya kupashwa joto na jua la mchana, inapopanda kwa nguvu kando ya milima na kuyainua matone ya maji hadi tabaka la hewa lililo baridi mno, ambako huganda, hupandishwa tena na tena yakiongezewa ngozi mpya ya barafu, na hatimaye huanguka kwa uzito wake kabla hayajapata nafasi ya kuyeyuka. Nyanda za juu hupata mvua hiyo kuliko bondeni kwa sababu safari ya jiwe la barafu kutoka wingu hadi ardhini ni fupi zaidi. Kwa muda usiozidi nusu saa malisho hugeuka meupe, mabati ya nyumba hupiga kelele hata watu wasisikilizane, na watoto hukimbilia uani kuokota punje na kuzitia kinywani. Lakini mkulima anayeangalia maharage yake yaliyotobolewa majani na migomba iliyochanwachanwa hana sababu ya kushiriki furaha hiyo. Hiyo ndiyo theluji ya Masisi, na haifai kuichezea.

Majira ya huko hayagawanywi na theluji wala kwa kiasi kikubwa na joto, bali na mvua. Kiangazi kirefu huanza Juni na kuishia Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na ndicho kipindi chenye usiku wa baridi kuliko wote, kwa sababu anga lisilo na mawingu huliacha joto la ardhi lipotelee juu, hata ikalazimu watu wa vilimani kulala na moto ukiwaka jikoni na kuamka wamejifunga vitenge juu ya makoti. Majani ya malisho hukauka vichwa, maziwa hupungua, moshi wa mashamba yanayochomwa huziba upeo wa macho, na watu huanza kungoja. Kinachongojwa ni mvua ya Septemba, inayofungua msimu mkuu wa kwanza wa kilimo, ule ambao maofisa wa kilimo na wakulima wenyewe huuita msimu A, nao msimu B huanza baada ya kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Ikiwa majira ya kuchipua ni ule wakati ambapo ardhi iliyolala inaamka, basi Masisi inayapata mara mbili kwa mwaka, na yale makubwa zaidi huanza hasa wakati Ulaya inapoingia kwenye baridi.

Mvua hiyo ina mpiga mbiu wake. Kekeo mwenye kifua chekundu, ndege wa jamii ya kekeo anayetaga mayai yake katika viota vya ndege wengine ili wamlelee makinda, huanza kuita mvua inapokaribia au inapoanza, kwa sauti ya noti tatu zinazoshuka, akizirudia kwa dakika nyingi bila kuchoka, akiwa amejificha ndani ya majani kiasi kwamba wengi wanaomjua kwa sauti hawajawahi kumwona kwa macho. Katika sehemu nyingi za Afrika anahesabiwa kuwa ndege wa mvua, na si ushirikina mtupu, kwani wakati wake wa kuzaliana umefungamana na wingi wa viwavi, na viwavi wamefungamana na majani mapya.

Baada ya mvua za kwanza hutoka kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa wanaoondoka kwenye vichuguu vyao kwenda kuanzisha makoloni mapya. Tukio hilo lina thamani ya kutazamwa kwa karibu. Kichuguu hutobolewa matundu madogo na mchwa askari, ambao husimama mlangoni vichwa vikiwa nje. Kisha hujitokeza kumbikumbi mmoja, wawili, halafu mfululizo usiokatika, kila mmoja akitembea hatua chache juu ya udongo mbichi kabla ya kuinuka kwa mruko mzito usio na mwelekeo. Watoto huwa wamekwisha kufika na sufuria na majani ya mgomba. Juu yao hufika mbayuwayu, wakikata hewa chini kabisa ya usawa wa paa, na juu zaidi huzunguka ndege weusi wenye mabawa ya mundu ambao watu wengi huwaita mbayuwayu pia, ingawa wataalamu huwaweka katika jamii nyingine, ile ya teleka, ndege ambao miguu yao mifupi haiwafai kutembea na ambao hula, hunywa na hata kulala wakiwa hewani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden walionyesha kwamba baadhi ya teleka wa Ulaya hukaa angani miezi 10 mfululizo bila kutua, kuanzia wanapoacha viota vyao hadi wanaporudi.

Wengi kati ya walaji hao ni wageni, na hapo ndipo theluji inapoingia tena katika habari za Masisi. Ndege walao wadudu hawawezi kuishi mahali ambapo ardhi imefunikwa na barafu na wadudu wamekufa au wamelala. Kwa hiyo mabilioni ya ndege huondoka Ulaya na Asia ya kaskazini kati ya Agosti na Oktoba, huvuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, na kuenea katika Afrika hadi Machi au Aprili. Wanaopita au kukaa Kivu ni pamoja na mbayuwayu wa kawaida, mwenye uzito wa gramu 20 hivi; keremkerem wa Ulaya, ndege wa rangi nyingi anayekula nyuki na ambaye makundi yake husikika kabla hayajaonekana; na kucha mdogo wa rangi ya kijani iliyofifia, asiyefika hata gramu 12, ambaye huruka kutoka misitu ya Skandinavia na Urusi hadi bustani za maharage za Masisi bila yeyote kumtambua kuwa ametoka mbali.

Anayetambulika kwa urahisi ni ndege mdogo wa manjano mwenye mkia mrefu anaoupigapiga juu na chini muda wote, anayewafuata ng'ombe malishoni pamoja na yangeyange, wale ndege weupe wenye shingo ndefu. Wawili hao wanawinda kwa namna tofauti. Yangeyange hutembea kwa maringo pembeni mwa ng'ombe, akingoja panzi mkubwa aruke. Ndege wa manjano hukimbia kati ya miguu yenyewe, karibu na mdomo wa mnyama anayekula, akiwadaka nzi na vidudu vinavyotimuliwa na pumzi na kwato, na huruka kando nukta ya mwisho kabla hajakanyagwa. Anapofika, mnamo Oktoba, rangi yake ni ya vumbi, kahawia juu na njano iliyochujuka chini. Kuanzia Januari manyoya yake ya kichwa na kifua huanza kubadilika, na kufikia mwishoni mwa Machi dume anakuwa wa njano kali, tayari kwa kazi ya kutafuta jike. Vazi ambalo Mjerumani au Mpolandi atalifurahia Aprili, akiliona kuwa dalili ya majira ya kuchipua, limeshonwa malishoni Afrika kwa nzi wa ng'ombe wa Kiafrika.

Habari ya mbayuwayu ni ya ajabu zaidi. Ndege huyo habadilishi manyoya yake ya kurukia akiwa kwenye viota vya Ulaya, kwa kuwa kulea na kusafiri humaliza nguvu zake zote; hungoja mpaka afike Afrika, na huko, kati ya Oktoba na Machi, huyaangusha moja baada ya jingine na kuotesha mapya, pamoja na zile nyuzi mbili ndefu za pembeni mwa mkia. Mwaka 1988 mtafiti Anders Pape Møller alichapisha jaribio alilolifanya nchini Denmark, ambamo aliwarefushia baadhi ya madume nyuzi hizo kwa gundi na kuwafupishia wengine, akaona kwamba waliorefushiwa walipata majike mapema kuliko wenzao. Ikiunganishwa na wakati wa kuota kwa manyoya, maana yake ni kwamba uchumba unaofanyika chini ya mapaa ya mazizi ya Ulaya huamuliwa kwa sehemu na namna dume alivyokula Afrika: mvua zikiwa haba na wadudu wachache, mkia huota kwa shida. Mbayuwayu hulala usiku kwa makundi makubwa kwenye matete, na kwa hiyo mabwawa ya Masisi pamoja na kingo za maziwa ya Mokoto, katika usultani wa Bashali, yana umuhimu ambao hauonekani mchana.

Lipo swali ambalo mtu wa ikweta ana haki ya kuliuliza: ndege hawa hujuaje kwamba theluji imeyeyuka huko walikotoka? Katika Ulaya urefu wa mchana hubadilika kwa saa nyingi na hutosha kuwa kalenda, lakini Masisi na Walikale tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haizidi dakika 10 hivi, na baridi ya Februari haina tofauti kubwa na ya Novemba. Mjerumani Eberhard Gwinner alijibu sehemu kubwa ya swali hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, alipowaweka kucha wa aina ileile inayofika Kivu katika vyumba ambamo taa ziliwaka kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12 kila siku ya mwaka, bila dalili yoyote ya majira, na bado ndege hao wakabadilisha manyoya na wakaanza kuhangaika usiku, kama wafanyavyo wanapotaka kusafiri, karibu na wakati unaostahili. Ndani ya mwili wao mna saa ya mwaka, nayo huenda bila kuambiwa.

Kutoka Masisi kwenda magharibi ardhi huporomoka. Barabara ya Walikale huacha malisho nyuma na kuingia katika msitu wa mvua wa nyanda za chini, nchi ya Wanyanga, Wakumu na Watembo, inayonyweshwa na mto Lowa unaomwaga maji yake katika Lualaba. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Inapakana na Mbuga ya Taifa ya Maiko upande wa kaskazini, na upande wa kusini imo sehemu ya Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega, zote mbili zikiwa zimeanzishwa mwaka 1970. Huku hakuna mandhari ya Uswisi. Ndege husikika kuliko kuonekana: hondohondo, ambaye mabawa yake hutoa mvumo mzito anapopita juu ya miti; kasuku wa kijivu, anayewindwa kwa ajili ya biashara hata baada ya mataifa kukubaliana mwaka 2016 kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini; na tausi wa Kongo, ambaye sayansi ilimsajili mwaka 1936 tu, baada ya Mmarekani James Chapin kuukuta unyoya wake katika kofia ya mwenyeji wa Ituri mwaka 1913 na kuubeba kwa miaka 23 bila kujua ni wa ndege gani, mpaka alipokutana na tausi wawili waliojazwa nyasi na kusahauliwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji. Aliyevaa kofia hiyo, bila shaka, alimjua ndege wake.

Msitu wa bonde la Kongo ndiko anakohamia pia kekeo wa Ulaya. Tangu mwaka 2011 shirika la Uingereza linaloshughulikia utafiti wa ndege, linaloitwa British Trust for Ornithology, limekuwa likiwafunga kekeo vifaa vidogo vinavyotuma ishara kwa setilaiti, na matokeo ya kwanza kabisa yalionyesha kwamba makao yao ya miezi ya baridi yalikuwa katika bonde hilo. Hesabu ya siku ilishangaza wengi: kekeo anayeitwa wa Uingereza hukaa Uingereza sehemu ndogo tu ya mwaka, wiki chache kati ya Aprili na Juni, na karibu nusu ya mwaka huwa Afrika. Kwa haki ya makazi, basi, ni raia wa Afrika anayekwenda Ulaya kuzaa. Lakini akiwa Afrika haiti. Ile sauti yake ya noti mbili ambayo Wazungu huingojea tangu theluji ianze kuyeyuka, na ambayo wameitungia muziki na kuitengenezea saa za ukutani, haisikiki msituni Kongo, na ndiyo sababu mwindaji wa Walikale anayemjua vizuri ndugu yake mwenye kifua chekundu anaweza kuishi miaka yote chini ya mti uleule na kekeo wa Ulaya asimsikie hata mara moja.

Haifai kudhani kwamba mabadiliko ya ardhi yamewadhuru wageni wote kwa kiasi kimoja. Sehemu kubwa ya malisho ya Masisi ilikuwa msitu wa milimani, uliofyekwa kwa mashamba ya chai, kahawa na pareto wakati wa ukoloni, na baadaye kwa ajili ya ng'ombe. Ufyekaji huo uliwanyima makao baadhi ya kulukulu na ndege wengine wasiopatikana popote isipokuwa katika milima ya Bonde la Ufa la Albertine, lakini uliwafungulia nafasi mbayuwayu na yule ndege wa manjano, wanaopenda uwanda. Kwa kekeo wa Ulaya, na kwa mwewe mla-nyigu, anayehama kutoka Ulaya kuja kuchimbua viota vya nyigu msituni, hesabu ni kinyume chake: mkaa wa kuuza Goma, mashimo ya madini na mashamba mapya yanayofuata barabara hupunguza mahali pao pa kula. Sheria imefungua mlango mmoja wenye manufaa, ile amri ya mwaka 2014 inayoziruhusu jamii kumilikishwa misitu yao ya mila, na baadhi ya jamii za Walikale zimeutumia. Vita, hata hivyo, haviheshimu hati. Mwaka 2025 waasi wa kundi la M23 waliingia Masisi mjini mwezi Januari na Walikale mjini mwezi Machi, wakati uleule ambao ndege wa kaskazini hujaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari, na watu wakakimbilia msituni wakiacha mashamba ya msimu B bila kupaliliwa.

Kukimbia huko si kwa jana. Tangu miaka ya 1990 maelfu ya watu wa Masisi wameishi katika kambi za Rwanda na Uganda, na baadhi yao wamepelekwa kuishi katika nchi za theluji. Katika mwaka wa fedha wa 2019 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 12,000. Mtu aliyezaliwa kwenye malisho na kupelekwa Buffalo, katika jimbo la New York, hukutana na baridi ambayo kiangazi cha Masisi hakikumwandaa nayo, na hukutana pia na ndege wasiohama: kardinali, ambaye dume lake jekundu huonekana wazi juu ya theluji, na kijindege chenye kofia nyeusi ambacho huficha mbegu moja moja katika magome ya miti wakati wa vuli, na usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake kwa makusudi ili kisimalize akiba yake. Watu wa huko huwawekea mbegu katika vibanda vidogo madirishani, desturi ambayo huko Masisi, ambako ndege huonekana kuwa adui wa mtama, ingeleta kicheko.

Mwishoni mwa Aprili mbayuwayu hufika Buffalo na kuanza kujenga kando ya ziwa Erie, na Mmasisi anaweza kushawishika kwamba huyo ndiye yule aliyekuwa akikata hewa juu ya kumbikumbi wa kwao. Aina ni ileile, lakini safari ni nyingine, kwa kuwa mbayuwayu wa Amerika ya Kaskazini hukaa miezi ya baridi Amerika ya Kati na ya Kusini wala hawafiki Afrika. Aliyepangiwa Norway, Sweden au Ubelgiji ndiye mwenye nafasi halisi ya kuona, juu ya zizi la jirani, mkia ulioota Kongo.